Kipima unene hakipimi unene

Haya, leo naacha mambo ya seva kidogo. Nataka kuongea juu ya vile vifaa vidogo ambavyo mainjinia huweka kwenye bomba, tangi au boila ili wajue chuma kimeliwa na kutu kiasi gani. Unapaka jeli, unabandika probu, namba inatokea: milimita 10.00. Kila mtu anaiamini, tena ina desimali mbili!

Shida ni kwamba kifaa hicho hakijapima unene. Kimepima muda. Probu inatuma mawimbi ya sauti ya masafa ya juu mno, mara nyingi megahezi 5, ambayo sikio haliwezi kuyasikia. Yanapenya chuma, yanagonga upande wa pili na kurudi kama mwangwi. Kifaa kinachukua muda huo, kinazidisha kwa kasi ya sauti, kisha kinagawanya kwa 2 kwa sababu sauti imekwenda na kurudi. Na kasi yenyewe imetoka wapi? Kuna mtu aliyeiingiza, au imebaki ile iliyowekwa kiwandani.

Kwa lugha yetu sisi wa programu: muda ni data, kasi ni kitu tulichokubali tu, unene ni jibu la hesabu.

Tazama. Kwenye feleji sauti husafiri karibu mita 5,920 kwa sekunde, kwa hivyo milimita 10 huchukua kama mikrosekunde 3.38 kwenda na kurudi. Ukipata muda uleule kwenye chuma cha kusubu ambamo sauti inakwenda mita 4,600, unene wa kweli ni milimita 7.8. Skrini bado inasema 10. Joto nalo lina mambo yake: feleji ikipata moto, kasi hushuka kama asilimia 1 kwa kila nyuzi 55 za Selsiasi, na bomba la mvuke linaonekana nene kuliko lilivyo.

Ubaya zaidi uko kwenye ripoti. Chukulia mwaka jana fundi mmoja alitumia kasi ya 5,800 akaandika milimita 9.80. Mwaka huu mwingine ametumia 5,920, naye ameandika 9.80. Ripoti itasema hakuna kilicholiwa. Kumbe muda umepungua kwa asilimia 2, na kama chuma na joto ni vilevile, milimita 0.2 zimekwenda na hakuna aliyeona. Presha ya mvuke haisomi ripoti.

Maoni yangu ni haya: anayeandika programu ya ukaguzi asihifadhi unene peke yake. Ahifadhi muda, kasi iliyotumika na joto. Kasi ikigunduliwa kuwa mbovu, unapiga hesabu upya ukiwa mezani. Ukiwa na unene tu, huna pa kuanzia.

Mtaniambia fundi aliye juu ya ngazi hataki fomu ndefu, anataka namba moja. Sawa, mwonyesheni moja. Kifaa kijaze muda na kasi chenyewe. Lakini kabla ya kuanza, achukue kipande cha chuma cha aina ileile, akipime kwa kalipa, kisha arekebishe kasi mpaka namba zilingane. Ukijua unene, kifaa hichohicho kinakupa kasi.

Kwa hivyo ukiletewa unene wenye desimali mbili, uliza kwanza: kwa kasi gani?