Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi

  Kuna neno limenikaa kooni tangu Jumamosi ya juzi, nami sitapata raha kabla sijalitua kwako.

Siku hiyo nilimpeleka mpwa wangu, kijana wa miaka 11, katika klabu moja ya hapa Nairobi anakojifunza kriketi. Kwa kawaida mamake, ambaye ni dada yangu, humshusha langoni, akageuza gari na kwenda zake sokoni. Siku hiyo mama alikuwa mgonjwa, kazi ikaniangukia mimi. Nikaona haya kumtua mtoto wa watu pale kama gunia la kabichi. Nikabaki.

Niliwakuta watoto wapatao 40 na mtu mzima mmoja. Jina lake sitalitaja, maana ndivyo alivyoniomba. Tumwite Mzee tu. Ni karani mstaafu, na kazi hii ya kuwafunza watoto ameifanya kwa zaidi ya miaka 30 bila kulipwa hata senti moja. Kabla ya watoto kufika alikuwa amekwisha fagia uwanja, akasimamisha vijiti vya wiketi na kumimina chini gunia lake lenye magongo, glavu na pedi za miguu. Gunia hilo hulala sebuleni kwake.

Wadogo aliwapimia njia fupi kuliko zile mita 20 za watu wazima, akawapa mpira laini. Mpira wenyewe wa kriketi, msomaji, ni ngozi ngumu iliyoshonwa, na uzito wake ni gramu 156 hadi 163. Ukimpata mtoto mdomoni, harudi tena.

"Kwanza aupende mchezo," Mzee aliniambia. "Kuuogopa atajifunza mwenyewe."

Huenda ukauliza, kriketi na sisi wapi na wapi? Basi nikukumbushe. Mnamo Februari 29, 1996, katika mji wa Pune, India, vijana wetu wakiongozwa na Maurice Odumbe walipata mikimbio 166 tu dhidi ya West Indies kwenye Kombe la Dunia. Watu wakasema kazi imekwisha. Kumbe West Indies, pamoja na Brian Lara wao, walizimwa kwa mikimbio 93! Kisha mwaka wa 2003, Steve Tikolo akiwa nahodha, Kenya ikafika nusu fainali ya Kombe hilo hilo. Hakuna nchi nyingine isiyocheza mechi za Test ambayo imewahi kufika hapo.

Lakini kufikia mwaka wa 2014 tulikuwa tumepoteza hata ile hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Wengi huwalaumu viongozi kwa mizozo yao, na sina haja ya kuwatetea. Hata hivyo, Mzee ana maneno yake. Anasema mti haukauki kileleni kwanza. Ukitaka kujua hali ya mchezo wowote, usiende penye kombe. Nenda uwanjani Jumamosi asubuhi uhesabu watu wazima waliokuja kusaidia.

Siku hiyo nilihesabu. Alikuwa mmoja, na mimi niliyebaki kwa kuona haya.

Saa nne watoto walipewa chai na mkate. Nilidhani ni klabu inayogharamia. La, chai ilitoka jikoni kwa mkewe. Hapo nikamwuliza swali ambalo najua nawe ungemwuliza: "Na wako, Mzee? Nao ulikuwa ukiwaleta hapa?"

Alikaa kimya kitambo. Kisha akaniambia kwamba mwanawe wa kwanza hakupenda kriketi. Alipenda kwenda na baba yake mjini, watembee tu, wanunue njugu, warudi nyumbani. Lakini Jumamosi ni Jumamosi, na watoto 40 walikuwa wakingoja. Kijana huyo sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake. Siku moja alimwambia baba yake, bila hasira, "Baba, ulikuwa baba wa watoto wa wengine."

"Hilo ni deni," Mzee akasema. "Sikulilipa, na siku zenyewe zimepita."

Msomaji, nilikuwa nimekuja na sifa tele mdomoni. Zote zilinikauka. Maana nilianza kupiga hesabu. Kama kuna watoto 40, basi kuna wazazi wasiopungua 40. Lau kila mmoja angaliitoa Jumamosi moja tu, Mzee angalipata Jumamosi nyingi za kutembea mjini na mwanawe. Deni lile si lake peke yake. Ni letu sisi tuliomshushia watoto langoni na kumwita mtu mwema. Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tulipomwona akiubeba bila kulalamika, tukadhani kweli ni mwepesi.

Wala usiniambie hujui kriketi. Hata mimi siijui. Kuhesabu magongo yanaporudi guniani hakuhitaji ujuzi. Kumimina chai hakuhitaji ujuzi. Kuandika mikimbio kwenye daftari nilifundishwa na mpwa wangu kwa nusu saa, ingawa alinicheka sana. Tena kuna jambo jingine kubwa: si vyema mtu mzima mmoja kuachiwa watoto wa watu peke yake, hata awe mwema namna gani. Akiumia mtoto mmoja, nani atamkimbiza hospitali na nani atabaki na wengine? Watu wazima wakiwa wawili watatu, watoto wako salama, na jina la mwalimu nalo li salama.

Kama mwanao hachezi kriketi, bila shaka yuko kwenye kandanda, kwaya au skauti, na huko nako kuna Mzee wake. Mtafute. Usimpelekee asante ya mdomo tu. Mwulize, "Jumamosi gani nikupumzishe?"

Mimi nimekwisha chukua Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, na dada yangu amechukua ya pili. Tulipomweleza Mzee, hakusema mengi. Aliuliza tu kama tuna hakika. Kisha akatoa simu yake, akasogea kando, akampigia mwanawe.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.