Kabwela Mbele ya Hakimu
Mfanyakazi aliyefukuzwa kazi, asiye na fedha ya wakili, hujiandikia madai yake mwenyewe. Akikosea kifungu (na mawakili nao hukosea), shauri lake huweza kuondoshwa kabla halijasikilizwa. Je, mshahara aliodhulumiwa umekwisha kulipwa? Ibara ya 107A, iliyoingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 2000, yaziagiza mahakama zitende haki bila kufungwa mno na masharti ya kiufundi. Sheria ya mwaka 2021 nayo imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Ni jema, lakini halitoshi. Hatutaki hakimu awe wakili wa mnyonge, maana mdaiwa naye ana haki yake. Twataka amwulize mdai palipo na giza, kisha ampe siku za kusahihisha karatasi yake.