Toa Hiyo Spea Nyuma ya Trela

Wasee wa kupiga kambi watanikasirikia, lakini acha niseme tu: hiyo spea mmening'iniza nyuma kabisa ya trela iko mahali pabaya. Najua inakaa poa. Najua picha inatoka safi, vumbi la Chalbi likipanda na tairi kubwa nyeusi katikati. Mimi kazi yangu ni kutengeneza picha na video, kwa hivyo sijifanyi sijui kinachouza. Lakini spea hubebwa kwa sababu ya siku ile umekwama kati ya Marsabit na Loiyangalani, jua linazama, na hujaona gari nyingine tangu saa nane.

Nazungumzia hizi trela ndogo za ekseli moja, hema juu, jikoni nyuma. Za kutoka Afrika Kusini bei yake ni ya kuogopesha, ndiyo maana vijana wengi wanajengewa na mafundi wa jua kali. Hiyo mimi naunga mkono kabisa. Shida ni kwamba mteja anafika na picha kwa simu na kusema, "Fundi, nitengenezee kama hii." Fundi anatengeneza kama hiyo. Akikuuliza kama spea isogezwe mbele unamwambia hapana, itaharibu muonekano. Baadaye ikikatika njiani, ni yeye unamtukana.

Tuanze na uzito. Kama umewahi kupita Marikiti asubuhi, umeona mkokoteni. Magurudumu mawili katikati, mzigo juu, jamaa mmoja mbele ameshika mikono. Mzigo ukijazwa sana nyuma, mikono inainuka na jamaa anabaki ananing'inia, miguu hewani. Ndiyo maana watu wa mkokoteni hupanga gunia zao kwa akili: uzito kidogo ubaki mbele, utulie mikononi. Trela yako ya ekseli moja ni mkokoteni uliofungwa kwa Prado. Tofauti ni kwamba mkokoteni unatembea, na wewe uko na kilomita 80 kwa saa.

Niliacha chuo kabla sijamaliza, lakini hii hesabu ni ya kidato cha pili. Chukua trela iliyojaa, kilo 1,000. Kutoka ekseli hadi pale inaposhikana na gari ni mita 3. Spea ni kilo 30. Ukiifunga mita 2 nyuma ya ekseli, inapunguza uzito unaokaa kwa gari kwa kilo 20. Ukiifunga mita 2 mbele ya ekseli, inaongeza kilo 20. Tofauti ni kilo 40, kwa kuhamisha tairi moja tu.

Kilo 40 zinaonekana kidogo hadi ujue unachotafuta. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba karibu asilimia 10 ya uzito wa trela inafaa kukaa pale inaposhikana na gari. Kwa trela yetu hiyo ni kilo 100. Kwa hivyo spea peke yake inaweza kukutoa kilo 120 hadi 80. Uzito wa mbele ukipungua sana, trela inaanza kuyumba kama mkia wa mbwa, na kadiri unavyoongeza kasi ndivyo inavyozidi. Ikifika mahali inavuta makalio ya gari huku na huku, usukani haukusikii tena. Lori likikupita kwa kasi au upepo ukupige ubavuni kule Marsabit, hapo ndipo utajua uliweka nini wapi.

Pili, mtikisiko. Barabara ya changarawe yenye mawimbi mawimbi inatikisa kila kitu, lakini sehemu ya mwisho kabisa ya trela ndiyo inarushwa zaidi. Sasa weka kilo 30 pale, juu ya chuma kilichochomelewa kwa bodi badala ya chesisi. Kila tuta ni nyundo. Chuma hakikatiki siku moja. Kinaanza ufa mdogo pembeni mwa mahali palipochomelewa, unakua polepole, na wewe huoni kwa sababu uko nyuma ya kila kitu. Na usiniambie ati Wamarekani wanaweka nyuma. Bampa nyingi za trela zao za kulala ni chuma chembamba cha mraba, chenye uwazi ndani wa kuhifadhi bomba la maji taka. Hata wao wenyewe wanaonyana kuhusu kuning'iniza vitu vizito pale.

Na hapa ndipo sitaki mzaha. Spea ikichomoka mbele, inaangukia kwa trela yako na shida inabaki yako. Ikichomoka nyuma ukiwa kwa lami ya Isiolo, inabingiria kwa aliye nyuma yako. Huyo anaweza kuwa boda boda na mama amebeba mtoto. Hawakuja safari yako, hawajui hata jina la ukurasa wako. Wewe unaweza kwenda kilomita nyingine 20 kabla ugundue, kwa sababu trela imekuziba usione nyuma.

Basi iwekwe wapi? Juu ya paa ondoa kabisa. Kilo 30 juu kabisa zinafanya trela ipende kulala kwa kona, na hakuna mtu mmoja anayeishusha kutoka urefu huo bila kuumiza mgongo.

Chini ya trela, kama vile Hilux na Hiace zinavyobeba, ni wazo zuri kwa karatasi. Uzito unakaa chini, na ikiwa mbele kidogo ya ekseli, hata bora. Lakini fikiria siku yenyewe. Tairi imepasuka, trela imelala upande, na nafasi ya chini imepungua. Unaingia kwa tumbo ndani ya tope utafute mnyororo ulioshika kutu. Na mjini, wezi wa spea za chini hawahitaji somo. Ukiichagua, weka kufuli, na kila mwezi ishushe na kuipandisha ili usizoeane na kutu.

Ubavuni inawezekana, lakini angalia ni ubavu gani. Sisi tunaendesha upande wa kushoto, maana yake kulia kwako ni magari yanayopita. Spea iliyofungwa kulia inakulazimisha usimame ukifungua nati huku basi la usiku likikupuliza shati. Ikikaa ubavuni, ikae kushoto, na usisahau kwamba miiba ya njia nyembamba itaikwaruza.

Mimi nasema mbele, kwa ule mkono wa kuvutia, kati ya gari na sanduku la trela. Uzito uko upande unaofaa. Uko karibu na chesisi yenyewe, kwa hivyo fundi anaifunga kwa bolti zinazopita kwa chuma cha maana. Unaifikia ukiwa umesimama, bila kufungua jikoni. Na kile ninachopenda zaidi: unaiona kwa kioo. Ikianza kucheza, unajua kabla haijaanguka.

Najua mtasema nini. "Pale mbele kuna mtungi wa gesi na majerikani." Sawa, lakini jerikani ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20 na zaidi, na maji unaweza kuyaweka popote. Peleka maji juu ya ekseli, spea ichukue nafasi yake. "Mlango wa nyuma wa gari hautafunguka." Basi pima kabla ya kuchomelea. Funga trela kwa gari, fungua mlango wote, kisha kata kona kali kulia na kushoto, mtu akiangalia kama kona ya bampa inagusa tairi. Hakikisha pia mkono wa jeki ya mbele unazunguka. Ni kazi ya nusu saa. Mawe yakirushwa na gari yatagonga spea, ndiyo, lakini afadhali yagonge mpira kuliko mtungi wa gesi.

Kuna trela ambazo mbele ni nzito tayari: friji, betri, sanduku la vyombo, vyote vimerundikwa huko. Gari yako ina kikomo cha uzito unaoweza kukaa pale nyuma, na kimeandikwa kwa kitabu chake. Ukipima ukute umekipita, basi spea inaweza kurudi karibu na ekseli, au hata nyuma, mradi imefungwa kwa chesisi na haifichi taa wala namba ya usajili. Hiyo siwezi kupinga, kwa sababu umepima. Ninachopinga ni kuweka nyuma kwa sababu uliona kwa video.

Na kupima hakuhitaji maabara. Jaza trela kama unaenda safari, maji na chakula ndani. Iegeshe mahali tambarare, zuia magurudumu kwa mawe. Chukua ile mizani ya kupimia watu, iweke chini ya mkono wa kuvutia na kipande cha mbao kigumu juu yake, kisha shusha mkono taratibu hadi trela ikae sawa. Soma namba. Kama unatarajia zaidi ya kikomo cha mizani, tafuta kubwa, usivunje ya mama.

Ukiwa kwa fundi bado, mwambie jambo moja zaidi: magurudumu ya trela yafanane na ya gari. Prado ina nati sita. Land Cruiser 100 na 200 zina tano. Zikilingana, na saizi ya tairi iwe moja, spea ya gari inaokoa trela na ya trela inaokoa gari. Unaenda Turkana na spea mbili kwa bei ile ile. Angalia pia umri wake. Zile namba nne za mwisho pembeni mwa tairi, tuseme 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jua linakula mpira hata kama haujawahi kugusa barabara, kwa hivyo nunua kifuniko.

Kwa wenzangu wa kamera, mnajua msee wa miaka 19 anachukua picha yako na kuipeleka kwa fundi na pesa aliyoweka mwaka mzima. Anaamini uliweka spea pale kwa sababu ulijua unachofanya. Basi tumwonyeshe pia upande wa mbele, hata kama haupigi picha vizuri.

Na wewe mwenye trela, wikendi hii jaribu hivi kabla ya kwenda popote: peke yako, bila msaada, kwa spana na jeki unazobeba safarini, toa spea, ivalishe, kisha irudishe mahali pake. Ukishindwa ukiwa nyumbani na maji ya kunywa karibu, Chalbi haitakuonea huruma.