Noti za Kale: Tutenganishe Kima, Bei na Thamani

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Mjomba wangu, mkaazi wa Mackinnon Road katika Kaunti ya Kwale, ameishi kwa methali hiyo. Ndani ya sanduku lake la mbao alihifadhi noti moja ya shilingi 20 iliyotolewa 1964 na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, yenye picha ya mashua. Noti kadhaa zenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta. Na nne za shilingi 1,000 ambazo hakuwahi kuzipeleka benki kabla ya 30 Septemba 2019, siku ya mwisho ya uhalali wake.

Siku moja kijana wa jirani alimwonyesha tangazo katika simu: noti za kale zinanunuliwa kwa shilingi laki mbili kila moja. Mjomba alipiga simu. Aliambiwa kwamba mnunuzi yuko tayari, ila kwanza itumwe ada ya usajili, shilingi 6,000. Aliuza mbuzi wawili waliokuwa wamewekewa karo ya binti yake, akatuma fedha. Tangu siku hiyo simu ile haijapokelewa tena.

Naandika haya si kwa kumcheka mzee wangu. Naandika kwa sababu mimi ni mwalimu wa lugha, na naamini kuwa walaghai hawa wanatajirika kwa kuchanganya maneno ambayo Kiswahili kimeyatenganisha vyema: kima, bei na thamani.

Kima cha noti ni kile kilichoandikwa juu yake, na hudumu maadamu serikali inakitambua. Kikiondolewa, kimekwisha. Noti zile nne za mjomba hazina kima hata cha senti moja.

Bei ni jambo jingine. Hiyo hutokana na mapatano baina ya mwenye noti na mkusanyaji, nayo huongozwa na mambo matatu. La kwanza ni uchache. Wengi wetu hudhani kuwa umri peke yake huleta bei. Sivyo. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, bahari ilipofungwa na manowari za Waingereza, Wajerumani walichapisha noti za rupia papa hapa Afrika Mashariki kuanzia 1915. Zimepita karne nzima, lakini zile za rupia moja zilichapishwa kwa wingi, na hata leo wakusanyaji huzipata pasipo taabu kubwa. Kinyume chake, noti za rupia zilizotolewa na Serikali ya Zanzibar kuanzia 1908 zimesalia chache mno, kwani visiwa vile vilipoingia katika shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1936, noti hizo ziliondolewa katika matumizi. Hizo ndizo zinazogombaniwa minadani. Je, noti zetu za shilingi 1,000? Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kuwa zaidi ya milioni 7 hazikurudishwa. Kitu kilichomo masandukuni kwa mamilioni hakiwezi kuitwa adimu.

La pili ni hali ya noti. Wakusanyaji wengi hutumia kipimo cha alama 70, na kila mkunjo, doa, tundu la pini au mpasuko hupunguza alama. Noti isiyowahi kutumika yaweza kuwa na bei mara nyingi kuliko ndugu yake aliyechakaa sokoni. Nasikitika kusema kwamba mkaza mjomba, kwa nia njema, aliinyoosha ile noti ya mashua kwa pasi ya makaa. Noti haifuliwi, haipigwi pasi, wala haibandikwi gundi. Jicho la mzoefu hulitambua jambo hilo mara moja.

La tatu ni kuwapo kwa mtu anayeitaka. Bei anayoitaja muuzaji katika tangazo si bei; ni matumaini yake. Bei ya kweli ni ile iliyokwisha kulipwa kwa noti ya namna hiyo hiyo, yenye hali hiyo hiyo. Na mnunuzi wa haki hutoa fedha, hadai fedha. Anayekutaka ulipe ili akulipe, huyo hana haja na noti yako.

Inabaki thamani, ambayo ni pana kuliko zote mbili. Noti ile ya 1964 ni hati ya kipindi kifupi ambapo nchi zetu zilikuwa zimepata uhuru lakini bado zikitumia fedha moja. Benki Kuu yetu ilitoa noti zake za kwanza mwaka 1966. Lugha nayo ni sanduku la namna hiyo. Tusemapo "hela" twalitaja bila kujua jina la sarafu ya Wajerumani; "pesa" na "rupia" zimetujia kutoka Bara Hindi. Sarafu zimekufa, majina yamesalia.

Kwa hivyo nawaomba walimu wenzangu watenge kipindi kimoja tu. Wanafunzi waulize nyumbani kama kuna noti ya kale, waandike tarehe, maandishi na picha zilizomo, kisha wajadili kima chake, bei yake na thamani yake, kila neno mahali pake. Noti yenyewe ibaki nyumbani. Kipindi hicho kitafundisha historia, hesabu na Kiswahili kwa pamoja, na pengine mwanafunzi mmoja atarudi nyumbani jioni na kumzuia mzazi wake asiuze mbuzi.

Nilipomtembelea mjomba mara ya mwisho, nilimweleza kuwa noti yake ya mashua, kwa hali iliyo nayo, haitalipa karo. Alinyamaza kitambo, akairudisha sandukuni. Alisema kuwa alipewa na baba yake, na kwamba binti yake ataikuta pale pale. Karo ya muhula ule tulichanga sisi jamaa.