Waliomwogopa aliyepona

Kuna somo la Injili ambalo huenda hujawahi kulisikia likihubiriwa Jumapili, kwa sababu halisomwi Jumapili. Simulizi ya Marko, sura ya 5, juu ya mtu wa nchi ya Wagerasi, Kanisa letu limeipangia Jumatatu ya juma la nne la Kipindi cha Kawaida. Ni Misa ya alfajiri, mbele ya masista, wazee watatu na mwanakwaya aliyekosea siku.

Habari yenyewe unaijua. Mtu yule aliishi makaburini, akipiga kelele usiku na mchana na kujikatakata kwa mawe. Alipoulizwa jina, alijitaja kwa jina la kikosi cha jeshi la Warumi. Yesu akamponya. Watu wa mji walipofika walimkuta ameketi, amevaa nguo, akili zake timamu, na hapo ndipo Marko anaposema kwamba waliogopa. Alipokuwa uchi makaburini walikuwa wamemzoea, hata minyororo yake walikuwa nayo. Hofu inatajwa akiwa mzima.

Nimelikumbuka somo hili kwa sababu ya kesi iliyosikilizwa The Hague mwezi Septemba 2025. Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai ilisikiliza mashtaka 39 dhidi ya Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, bila mwenyewe kuwapo. Hati ya kumkamata ilitolewa mwaka 2005, na miaka ishirini baadaye bado hajapatikana. Habari hizo zilitangazwa siku mbili tatu, kisha zikapita. Mimi niliendelea kuwafikiria wanawake wa kaskazini mwa Uganda ambao mashtaka yale yanawahusu, na mtawa mmoja aliyewafungulia mlango muda mrefu kabla ya majaji kuketi.

Sista Rosemary Nyirumbe ni wa Shirika la Masista wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, mkunga kwa taaluma. Mwaka 2001 alikabidhiwa chuo cha ushonaji cha Mtakatifu Monika mjini Gulu. Majengo yalikuwepo, ila wanafunzi walikuwa wachache, kwa kuwa vita ilikuwa imekausha kila kitu. Usiku, maelfu ya watoto wa vijijini waliingia mjini kwa miguu kulala barazani na katika kituo cha mabasi ili wasitekwe. Mwaka 2003 Askofu Mkuu John Baptist Odama, pamoja na viongozi wenzake wa dini, walikwenda kulala nje na watoto hao kwa siku nne, dunia ipate kuona.

Sista Rosemary alitumia redio. Aliwaita wasichana waliotoroka porini waje, na waje na watoto wao. Ukiufikiria mwaliko huo kwa haraka utaona ni huruma ya kawaida tu. Lakini shule zetu nyingi za wakati ule, za Kanisa zikiwemo, zilimfukuza msichana kwa sababu ya mimba. Huyu mtawa alitangaza hewani kwamba mtoto mgongoni si kizuizi, akaweka chumba cha kulelea watoto kando ya madarasa. Wasichana walijifunza kushona, kupika na kuendesha biashara ndogo huku watoto wakilelewa hatua chache kutoka walipo. Zaidi ya wasichana 2,000 wamepita hapo. Nje ya Afrika anajulikana zaidi kwa mikoba inayoshonwa kwa vifungulio vya makopo ya soda, na mwaka 2014 jarida la Time lilimtaja miongoni mwa watu mia moja wenye ushawishi duniani. Mikoba ni mizuri, wafadhili wanaipenda. Kwa maoni yangu kile chumba cha watoto ni kazi kubwa zaidi.

Nieleze kwa nini.

Wengi wa wasichana hao walitekwa wakiwa wadogo. Msomaji wa umri wangu atakumbuka Aboke: Oktoba 1996 waasi walichukua wanafunzi 139 wa shule ya masista, Sista Rachele Fassera akawafuata porini kwa miguu, akarudi na 109, na 30 wakabaki. Waliobakizwa porini waligawiwa makamanda kuwa wake zao, kama wengine wengi waliotekwa vijijini ambao hakuna gazeti lililowaandika. Walipotoroka, walirudi na watoto. Nyumbani walipokelewa kwa vigelegele, wakakanyaga yai kwa mila ya Waacholi ya kumpokea aliyetoka mbali, wakaombewa. Baada ya miezi michache maneno yakaanza. Mtoto akikorofishana na wenzake kisimani, anaitwa mtoto wa porini. Mama akikasirika, watu wanasema mizimu ya wale aliowaona wakiuawa imemrudia. Nasema wazi, nisije nikaeleweka vibaya: wanawake hawa sisemi wana pepo. Nasema mji ni ule ule.

Na hofu ya mji si ya mizimu peke yake. Marko anataja nguruwe wapatao 2,000 walioangamia ziwani siku ile, na waliosimulia habari ya mtu aliyepona walisimulia na habari ya nguruwe. Hesabu ilikuwa imeshapigwa. Kwa Waacholi, kama kwa makabila mengi tunakotoka, ardhi hupatikana kwa ukoo wa baba. Mtoto ambaye baba yake ni kamanda aliyekufa porini, au ambaye ukoo wake haujulikani, hana shamba. Atalima kwa wajomba, na wajomba wana watoto wao. Kwa hiyo tunaposema jamii imemkataa, tusidhani ni roho mbaya tu. Kuna ekari ambayo mtu lazima aiachie. Kumpokea aliyepona kunagharimu, na mji wa Wagerasi ulipoiona gharama ulimsihi Yesu aondoke.

Mahakama imefanya yake. Dominic Ongwen, aliyekuwa kamanda wa LRA na ambaye naye alitekwa akiwa mtoto, alihukumiwa miaka 25 mwaka 2021, na miongoni mwa makosa yake yalikuwamo kulazimisha ndoa na kulazimisha mimba. Februari 2024 majaji waliagiza fidia ya zaidi ya yuro milioni 52 kwa waathirika karibu 50,000, wakiwamo watoto waliozaliwa kwa ubakaji huo, na kila mmoja apewe yuro 750 kama ishara. Kwa kuwa Ongwen hana kitu, fedha hizo zinapaswa kutafutwa na mfuko wa waathirika. Yuro 750 ni shilingi milioni mbili na kidogo za kwetu. Zinanunua cherehani na vitambaa vya kuanzia. Shamba hazinunui, wala haziwezi kumzuia jirani kusema. Ndiyo maana namwona mtawa yule kuwa alielewa mambo mapema: mwanamke mwenye ufundi, anayelipa ada ya mtoto wake mwenyewe, haombi nafasi kwa mjomba kama mtu asiye na kitu. Si kwamba cherehani inamaliza kila jambo. Mji mdogo hauhitaji mafundi elfu mbili wa nguo, na wengine ilibidi waende kupika hotelini au kuuza sokoni.

Sisi tulio Tanzania tusisome haya kama habari za jirani. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imekuwapo tangu mwaka 1996, na wanawake waliotoka Kongo wamefika huko na watoto wa aina hii hii. Wengine wanasali nasi. Nawauliza wanaparokia, na ninyi makatekista hasa: mama akileta mtoto kubatizwa, swali letu la kwanza huwa lipi? Sheria ya Kanisa, kanuni ya 877, inajua kwamba si kila mtoto ana jina la baba la kuandika. Baba asiyethibitishwa haandikwi, nafasi inaachwa wazi, na ubatizo ni ule ule. Padre hahitaji kusikia habari ya porini ili amwage maji. Hata hivyo nimesikia swali hilo likiulizwa kwa sauti mlangoni pa ofisi ya parokia, foleni nzima ikisikiliza.

Watoto waliozaliwa porini mwanzoni mwa miaka ya 2000 sasa wamevuka ishirini. Umri huo ni wa kuoa na kuolewa, na ili kufunga ndoa kanisani kinatakiwa cheti kipya cha ubatizo, kinachonakiliwa kutoka daftari lile lile. Kijana atasimama mbele ya meza, karani atafungua ukurasa, ataiona nafasi iliyo wazi, kisha atainua macho kumtazama.