Mwalimu wa manesi akisomea kwenye kompyuta, kuna ubaya gani?

Hivi kwa nini ukitaja shahada ya uzamili iliyosomwa kwa mtandao watu wanaguna? Ikiwa ni ya uuguzi ndiyo wanacheka kabisa: "Utajifunzaje kuchoma sindano kwenye kompyuta?" Swali linachekesha, lakini limepiga hodi nyumba siyo.

Anayesomea ualimu wa uuguzi ni nesi tayari. Sindano alishachoma, leseni anayo, na pengine leo usiku ana zamu wodini. Anachokosa ni ujuzi wa kufundisha: kupanga mtaala, kutunga mtihani unaopima uamuzi wa nesi badala ya kukariri tu, kumsimamia mwanafunzi mbele ya mgonjwa halisi bila kumwaibisha huyo mwanafunzi wala kumhatarisha mgonjwa. (Waliowahi kufokewa na mkufunzi mbele ya wodi nzima wananielewa.) Nadharia anaisoma mtandaoni usiku watoto wakishalala. Mazoezi ya kufundisha anayafanya kwenye chuo au hospitali iliyo karibu naye, chini ya mkufunzi mzoefu.

Marekani mtindo huu umeenea. Western Governors University, kilichoanzishwa mwaka 1997 na magavana wa majimbo kadhaa, kinatoa shahada ya aina hiyo, na si peke yake. Wamekimbilia huko kwa sababu walimu hawatoshi. Mwaka 2021 vyuo vyao vinavyotoa shahada za uuguzi vilikataa maombi 91,938 ya watu wenye sifa. Mwaka 2023 yalikuwa 65,766. Hayo ni maombi, si vichwa, maana mtu mmoja huomba vyuo kadhaa. Hata hivyo ni mengi mno kwa nchi inayolia kila siku kwamba haina manesi! Uhaba wa walimu ni moja ya sababu kubwa, pamoja na uhaba wa nafasi za mazoezi hospitalini. Na nesi bingwa anayetibu mara nyingi anamzidi mshahara yule anayefundisha.

Yanatuhusu nini sisi? Sana tu. Nchi tajiri ikishindwa kufundisha vijana wake, inakuja kuchukua wa kwetu. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya wahudumu wa afya wa Kenya kwenda kufanya kazi Uingereza. Siwalaumu wanaopanda ndege, kila mtu ana ada za kulipa. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2025, lilikadiria kwamba mwaka 2023 dunia ilipungukiwa na wauguzi milioni 5.8. Nani atawafundisha hao? Ukimtoa nesi mmoja mzoefu wodini ukamfungia chuoni miaka miwili ili awe mwalimu, umeanza kwa kuongeza pengo. Akisomea palepale kazini, hujapunguza mkono hata mmoja.

Na tusijifanye jambo hili ni geni Afrika Mashariki. Mwaka 2005 AMREF ilianza Kenya mpango wa kuwapandisha wauguzi wa ngazi ya cheti kwenda stashahada kwa kutumia kompyuta, huku mazoezi yakifanyika hospitalini. Walikuwa zaidi ya 20,000, na kwa njia ya kukaa darasani ilikadiriwa kazi hiyo ingechukua zaidi ya miaka 100. Sasa kama iliwezekana kwa cheti, tena kwa intaneti ya wakati ule ya kusubiri ukurasa ufunguke huku chai inapoa, kwa nini isiwezekane kwa nesi mwenye shahada anayetaka kufundisha?

Kinachonitia shaka ni waajiri. Nesi anajinyima, anajilipia ada kwa dola, anamaliza, halafu anabaki cheo kilekile na mshahara uleule, eti masomo yake ni ya mtandao. Kwa hiyo dada, kaka, kabla ya kutuma hata dola moja, nenda Baraza la Uuguzi na Ukunga, nenda TCU, uliza kama shahada hiyo wanaitambua. Kisha kiulize chuo chenyewe: nani atanisimamia mazoezi ya kufundisha huku niliko, na saa ngapi? Wakianza kuzungukazunguka, funga ukurasa utafute chuo kingine.