Kungoja nako ni kazi, waulize kozi

Tunazo methali mbili zinazogombana. Moja inasema subira yavuta heri. Nyingine inasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mgonjwa anayesubiri majibu ya kipimo huambiwa zote mbili kwa siku moja, ya kwanza na jirani, ya pili na shemeji. Mama aliyefika wiki ya 39 bila uchungu naye huambiwa hivyo hivyo. Wote wana nia njema, lakini hakuna anayemwambia lile analolihitaji: anasubiri nini, kwa siku ngapi, na ni wakati gani kusubiri kunapaswa kukoma.

Msomaji wangu, wiki hii nakuletea mwalimu wa jambo hilo ambaye huenda hukumtarajia. Ni ndege.

Kozi ni ndege wa jamii ya kipanga, mwenye mgongo wa kijivu na alama nyeusi mashavuni kama masharubu. Wazungu humwita peregrine. Anapoteremka angani kumkamata njiwa, mwendo wake hupita kilomita 300 kwa saa. Anaishi katika mabara yote isipokuwa Antaktika, Afrika yetu ikiwemo. Kwa asili hutaga kwenye majabali, lakini siku hizi hata maghorofa marefu ya mijini ameyafanya majabali yake.

Baadhi ya maghorofa hayo ni hospitali. Katika mji wa Rochester, jimbo la Minnesota nchini Marekani, hospitali ya Mayo Clinic imekuwa na mpango wa kuwatunza kozi tangu 1987. Wakati huo ndege hawa walikuwa wameadimika, kwa sababu dawa ya wadudu iitwayo DDT ilifanya maganda ya mayai yao kuwa membamba, yakawa yanavunjika chini ya mama anayeatamia. Marekani ilipiga marufuku DDT mashambani mwaka 1972, na mwaka 1999 kozi akaondolewa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Leo juu ya jengo la hospitali hiyo kuna sanduku la kutagia lenye kokoto, na kamera inayoonyesha moja kwa moja kwenye intaneti. Mgonjwa aliye wodini anaweza kutazama, na wewe uliye Mbagala au Kisumu unaweza kutazama pia kwa simu yako.

Utaona nini? Kwa muda mwingi utaona ndege amekaa tu. Ndiyo maana nasema ni mwalimu mzuri.

Tuanze na hesabu ya siku. Jike hutaga kwa kawaida mayai matatu au manne yenye rangi ya udongo mwekundu, yai moja kila baada ya siku mbili hivi. Anayetazama kwa mara ya kwanza hushtuka. Yai la kwanza limelala kwenye kokoto, nje ni baridi, na mama yuko pembeni anajisafisha manyoya. Mtazamaji hudhani yai limetelekezwa. La hasha! Kozi huanza kuatamia kwa dhati pale yai la tatu linapotagwa au linapokaribia. Yai ambalo halijapata joto kamili halijaanza kukua, kwa hiyo makinda yatakuja kutoka kwa kukaribiana. Tangu hapo huhesabiwa siku 33 hadi 35 hivi. Asiyejua hesabu hiyo hutazama sanduku kwa hofu, na anayeijua hulitazama kwa utulivu, ingawa wote wawili wanaona yai lile lile.

Sasa njoo kwa binadamu. Mimba huhesabiwa wiki 40 kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Tarehe ile iliyoandikwa kwenye kadi yako ya kliniki ni makisio, na ni watoto wachache tu wanaozaliwa siku hiyo hiyo. Mtoto anayezaliwa kati ya wiki ya 37 na ya 42 huhesabiwa kuwa ametimiza muda. Makisio huwa sahihi zaidi ukipimwa kwa ultrasaundi mapema, na Shirika la Afya Duniani linashauri kipimo kimoja kifanyike kabla ya wiki ya 24. Lakini wapo akina mama wanaoandikiwa tarehe bila kuelezwa maana yake. Tarehe ikipita kwa siku mbili, nyumba nzima inaingia hofu. Simu zinapigwa kutoka kijijini. Mama mkwe anauliza kulikoni. Hapo ndipo kikombe cha mitishamba ya kuharakisha uchungu kinapoingia chumbani.

Niseme wazi, kwa sababu jambo hili linaua. Baadhi ya mitishamba hiyo kweli huufanya mfuko wa uzazi ubane. Tatizo ni kwamba hakuna anayejua kikombe kimebeba dawa kiasi gani, na ikishanywewa haiwezi kuzuiwa. Mfuko ukibana kwa nguvu mno na bila kupumzika, mtoto hukosa hewa, na mfuko wenyewe unaweza kupasuka. Hospitalini dawa ya kuanzisha uchungu hutolewa kwa kipimo, huku mapigo ya moyo wa mtoto yakifuatiliwa, na chumba cha upasuaji kikiwa karibu. Nyumbani hakuna hata kimoja kati ya hivyo.

Kozi anatufundisha hilo siku ya mwisho kabisa. Kinda huanza kulia akiwa bado ndani ya yai. Kisha hutoboa tundu dogo kwa kichokoo kigumu kilicho juu ya mdomo wake. Baada ya hapo watazamaji hukaa roho juu, kwa sababu mara nyingi huonekana kama hakuna kinachoendelea. Kutoka tundu la kwanza hadi kinda kutoka nje huweza kuchukua siku moja, mbili, hata zaidi. Mama yupo pale pale, ana mdomo unaoweza kupasua mfupa wa njiwa, lakini halivunji ganda. Mfugaji wa kuku anaelewa sababu. Kifaranga anapoonekana amelala ndani ya ganda, bado anavuta mabaki ya kiini cha yai tumboni mwake, na mishipa ya damu inajifunga. Ukimbandua mapema anatoka damu, na mara nyingi anakufa.

Hata wiki za mwisho za mimba si wiki tupu. Ubongo na mapafu ya mtoto bado vinakomaa, na mlango wa kizazi unalainika taratibu. Mwili wa mama unafanya kazi hiyo hata siku ambazo nje haionekani dalili yoyote.

Jambo jingine la kutazama kwenye kamera ile ni zamu. Jike huatamia sehemu kubwa ya muda. Dume huwinda na kuleta nyama, na jike anapoondoka kwenda kula, dume huingia kuatamia. Yeye ni mdogo kwa umbo kuliko jike, na mayai manne humpa shida kuyafunika, lakini hujibana hivyo hivyo hadi mwenzake arudi. Nakuuliza wewe baba unayesoma: katika kungoja kwenu, zamu yako iko wapi? Je, unajua kadi ya kliniki inakaa wapi, nauli ya usiku iko kwa nani, na dereva gani atapokea simu saa nane za usiku?

Kwa familia yenye mtoto njiti, mfano huu unakaribia kabisa. Ndege huatamia kwa kugusisha yai kwenye ngozi ya tumbo isiyo na manyoya, ili joto lipite moja kwa moja. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au mwenye uzito chini ya kilo mbili na nusu, huwekwa kifuani ngozi kwa ngozi, kwa njia tunayoiita kangaroo. Shirika la Afya Duniani linashauri afanyiwe hivyo kati ya saa nane na saa 24 kila siku. Saa hizo ni nyingi mno kwa mama peke yake, hasa aliyetoka kwenye upasuaji. Kifua cha baba kina joto hilo hilo, na cha bibi au cha shangazi vilevile. Anayesema kazi hiyo ni ya wanawake, na amtazame dume wa kozi akihangaika na mayai manne.

Naijua hoja ya upande wa pili. Utaniambia kwamba binadamu si ndege, na kwamba wapo waliokufa kwa kusubiri. Ni kweli, na ndiyo maana methali ya pili nayo ina haki yake. Kozi akishamaliza siku zake hana pa kwenda, wewe unapo. Mimba ikifika wiki ya 41 bila uchungu, nenda hospitali. Shirika la Afya Duniani linashauri uchungu uanzishwe kitaalamu kwa mama ambaye ni hakika kwamba amefikisha wiki hizo. Na kabla ya hapo, zipo dalili ambazo hazingoji hata dakika moja: kutokwa damu ukeni, mtoto kupunguza au kuacha kucheza, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, homa, degedege, na chupa kupasuka. Ukiona mojawapo, usisubiri kupambazuke.

Homa ya mtoto mdogo nayo haingojwi nyumbani kwa panado ya siku tatu. Mtoto apimwe malaria, na akikutwa nayo aanze dawa ndani ya saa 24 tangu homa ianze. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au akipumua kwa shida, ni wa kukimbizwa saa hiyo hiyo.

Kwa hiyo kungoja kwema kuna hesabu ya siku, kuna zamu, na kuna mpaka. Kukikosa hivyo, kunabaki kuwa mateso tu, na mtu anayeteseka hunywa chochote anacholetewa. Hapa nina neno kwa wenzangu wa huduma za afya. Tunapomwambia mgonjwa aliyekatwa kinyama cha kupimwa saratani kwamba arudi majibu yakitoka, tumempa kungoja kusiko na hesabu. Tunamrudisha nyumbani akahesabu nyufa za dari. Dakika mbili za maelezo zingempunguzia mzigo huo, na hazihitaji bajeti ya wizara.

Nawe mgonjwa usione haya kuuliza. Kabla hujatoka chumba cha daktari, uliza maswali matatu na uandike majibu. Majibu yangu yatakuwa tayari tarehe ngapi? Yasipotoka tarehe hiyo, nimwone nani au nipige namba gani? Na ni dalili gani zikinipata nirudi kabla ya siku hiyo? Mhudumu mwenye busara hatakasirika.

Je, nakushauri utazame kozi? Ukipenda, ndiyo, lakini kwa kiasi. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti wa wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa kifuko cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Wale ambao dirisha lao lilitazama miti walitoka hospitali mapema kidogo na walitumia dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Ni utafiti mdogo, na ulihusu dirisha halisi wala si kamera, hivyo nisikuahidi kwamba simu itakuponya. Ila akili iliyochoka kuwaza jambo moja hupumzika ikipata kiumbe hai cha kutazama. Hata mti wa mwembe wenye kiota cha kunguru nje ya wodi unatosha.

Ukitumia simu, kumbuka kwamba video ya moja kwa moja inakula kifurushi. Punguza ubora wa picha, tazama dakika kumi, kisha funga. Usikeshe nayo. Mjamzito na mgonjwa wanahitaji usingizi kuliko wanavyohitaji habari za yai.

Na kama umewahi kupoteza mimba, jua mapema kwamba si kila yai litaanguliwa. Mara nyingine makinda watatu hutoka na yai la nne hubaki kimya kwenye kokoto, ingawa lilipata joto lile lile kutoka kwa wazazi wale wale. Likikuumiza, zima simu, hakuna atakayekulaumu. Lakini ukiweza kulitazama, litazame vizuri. Mama yule hakukosea kitu. Mimba nyingi zinazoharibika miezi ya mwanzo huwa na hitilafu za vinasaba tangu kutungwa kwake, wala chanzo si ndoo ya maji uliyoibeba au ugomvi wa juzi. Waliokuambia vinginevyo hawakuwa na haki hiyo.

Basi leo jioni itoe kadi yako ya kliniki, au karatasi ya maabara, uiweke mezani mbele ya mwenzako. Hesabuni siku pamoja. Andikeni namba ya simu ya zahanati ukutani kwa kalamu nene, na mgawane zamu.